Kijana Asikiaye Mioyo ya Watu

Wenzangu wengi huipenda michezo ya televisheni ya Kikorea kwa ajili ya mapenzi yaliyomo ndani yake. Siwalaumu, maana mapenzi hayo yamepikwa yakaiva. Lakini uko mchezo mmoja ambao umenishika kwa sababu nyingine, nayo ni mahakama. Niliutazama wote katika likizo, tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na dada yangu na mjomba wetu. Nimeona si vibaya kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu niliyojifunza humo, hasa wale wanaotumaini kusoma sheria, na wale ndugu zetu wa zamani wa shule ambao wamekwisha kulivaa joho la uwakili.

Jina la mchezo huo kwa lugha yetu ni "Naisikia Sauti Yako". Ulionyeshwa mara ya kwanza na kituo cha SBS cha Korea ya Kusini katika mwaka 2013, tangu mwezi wa Juni mpaka mwanzo wa Agosti. Aliyeutunga ni bibi mmoja aitwaye Park Hye-ryun. Ulikusudiwa uwe na sehemu 16, lakini watu waliupenda hata zikaongezwa mbili, zikawa 18. Sisi tuliutazama katika Kikorea chenyewe huku maneno ya Kiingereza yakiandikwa chini ya picha. Hapa Uganda wapo pia wanaoitazama michezo ya namna hii katika Kiganda, sauti ya mfasiri ikisikika juu ya sauti za wachezaji. Wafasiri hao, ambao watu huwaita mavijei, ni mafundi wa kweli, maana mikononi mwao Mkorea akikasirika hukasirika kama mtu wa Katwe.

Hadithi yenyewe ni hii. Mtoto mmoja, Park Soo-ha, alikuwa katika motokaa pamoja na baba yake. Likaja lori likawagonga. Dereva wa lori, Min Joon-gook, akashuka, lakini hakushuka kuwasaidia. Alikuwa na bomba la chuma, akampiga nalo baba wa mtoto mpaka akafa. Tangu siku ile mtoto yule akawa na uwezo usio wa kawaida: akimtazama mtu machoni, husikia yale ayawazayo moyoni. Akasikia yaliyomo moyoni mwa Min. Lakini ni nani atakayemsadiki mtoto asemaye kwamba amesikia mawazo ya mtu? Kesi ilikuwa karibu kumalizika kama ajali tu ya barabarani.

Ikawa kwamba wasichana wawili wa shule waliliona tendo lile. Mmoja alikuwa Seo Do-yeon, binti wa jaji. Wa pili alikuwa Jang Hye-sung, ambaye mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya jaji huyo huyo. Wakaagana waende wote mahakamani kutoa ushahidi. Walipofika mlangoni, binti wa jaji akashikwa na hofu, akarudi nyuma. Binti wa mtumishi akaingia. Kwa ajili ya maneno yake Min alifungwa miaka 10, naye akaapa mbele ya watu wote kwamba atakapotoka atamwua.

Mjomba wangu alipoona hapo aliweka kikombe chake cha chai chini, akasema, "Wanangu, angalieni. Aliyesikia siri ya moyo hakuweza kitu. Aliyeona kwa macho yake ndiye aliyemfunga mwuaji." Wakati ule nilidhani amesema neno la kupita tu. Lakini kadiri mchezo ulivyoendelea niliona kwamba neno lile ndilo kiini cha mambo yote.

Miaka 10 ikapita. Hye-sung sasa ni wakili, naye aliomba kazi ya kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili, akilipwa na serikali. Msidhani aliomba kwa huruma. Aliifuata kwa sababu ya mshahara, na maskini anaowatetea wanamchosha. Kazi ya namna hiyo ipo kweli katika Korea ya Kusini, kwa maana kifungu cha 12 cha Katiba yao chasema kwamba mshtakiwa wa jinai asiyeweza kujipatia wakili atapewa na serikali. Nasi Uganda tunalo jambo linalofanana nalo: kifungu cha 28 cha Katiba yetu ya mwaka 1995 chataka mtu aliyeshtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha apewe wakili kwa gharama ya serikali.

Katika kesi zake za kwanza alipewa ile ya msichana wa shule aliyeshtakiwa kwamba alimsukuma mwenzake dirishani. Msichana huyo alikuwa na sifa mbaya, tena alikuwa na tabia ya kumwonea yule aliyeanguka. Kila mtu alikwisha kumhukumu, hata wakili wake mwenyewe. Hapo ndipo alipotokea Soo-ha, ambaye sasa ni kijana wa sekondari, na ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akimtafuta yule dada aliyeingia mahakamani kwa ajili yake. Akamwambia wakili, "Hakufanya." Amejuaje? Amemtazama machoni.

Wengi wangedhani kwamba tangu hapo mchezo utakuwa rahisi: wakili ana rafiki asikiaye mioyo, basi atashinda kila kesi. Lakini mtungaji hakuwa mvivu. Soo-ha aweza kumwambia Hye-sung ukweli, lakini Hye-sung hawezi kusimama mbele ya jaji akasema, "Mheshimiwa, rafiki yangu amesikia moyo wa shahidi." Hapana budi atafute jambo lionekanalo: picha, karatasi, saa, maneno ya mtu aliyekuwapo, tofauti kati ya neno la jana na neno la leo. Uwezo wa kijana wampa njia ya kupita, lakini miguu ni yake mwenyewe.

Yuko wakili wa pili, Cha Gwan-woo, aliyekuwa polisi zamani. Huyu ni mtu mwema sana. Nguo zake na nywele zake huchekesha, lakini kila mshtakiwa humsadiki na kumpigania kama ndugu yake. Sasa sikilizeni yaliyompata. Min alipotoka gerezani, alimwua mama yake Hye-sung, mama maskini mwenye duka la kuku wa kukaanga, akaichoma nyumba ili ionekane ni ajali. Akashtakiwa. Aliyemtetea akawa Gwan-woo, akiamini kwa moyo wake wote kwamba mtu huyu amekwisha kugeuka na kwamba anaonewa kwa ajili ya kosa lake la zamani. Ushahidi haukutosha. Min akaachiliwa.

Dada yangu alilia machozi. Alitaka tuuzime mtambo. Alisema, "Soo-ha anajua! Hye-sung anajua! Sisi sote tunajua! Mahakama gani hii?" Nami nilikuwa na hasira kama yeye. Lakini nilipolala usiku ule niliwaza hivi: sisi tunajua kwa sababu mtungaji ametuonyesha. Jaji hakuonyeshwa. Jaji aliona mzee mwenye majuto usoni, na nyumba iliyoungua, na shaka. Je, kama tungekuwa tumeketi pale bila ya kuonyeshwa, tungesema nini? Sheria isemayo kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe haikutungwa kwa watu wajuao kila kitu. Imetungwa kwa watu kama sisi, tusiojua.

Na kama mtungaji amesikia mashaka yangu, akaendelea kuyajibu. Soo-ha alitaka kumwua Min kwa mkono wake mwenyewe, Hye-sung akajitupa katikati, na kisu kikampata yeye. Kijana akatoweka. Baadaye ukaonekana mkono wa kushoto wa Min, mkono peke yake, wala maiti haikuonekana. Kila mtu akasema Soo-ha amemwua. Alipopatikana baada ya mwaka mmoja, alikuwa amesahau mambo yote, hata jina lake. Akasimamishwa kizimbani. Basi tazameni: kijana aliyeweza kusikia moyo wa kila mtu hakuweza kuusikia moyo wake mwenyewe. Aliulizwa kama aliua, naye hakujua. Aliyemwokoa hakuwa msikiaji wa mioyo. Alikuwa wakili, yule yule aliyekuwa akifuata mshahara, akiuliza maswali ya kawaida ambayo mtu yeyote angeweza kuuliza: maiti iko wapi? Mkono mmoja waonyesha kwamba mtu amekufa? Kumbe Min alikuwa hai, na mkono alijikata mwenyewe ili kijana afungwe. Hila hiyo aliijifunza kwa mfungwa aliyekaa gerezani miaka 26 kwa kumwua mke wake, naye mke yu hai, kwa kuwa hukumu ilisimama juu ya mkono mmoja uliokatwa.

Kesi hiyo ya Soo-ha ilisikilizwa mbele ya baraza la raia, nami nilitaka kujua kama jambo hilo ni la kweli au la mchezo tu. Ni la kweli. Korea ya Kusini ilianza kuwashirikisha raia katika kesi za jinai tarehe 1 Januari, 2008. Huchaguliwa raia 5, 7 au 9, kwa kadiri kesi ilivyo, na katika kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo au kifungo cha maisha huwa 9. Husikiliza mashahidi, huenda faraghani, hurudi na neno lao. Lakini neno hilo ni shauri tu, halimfungi jaji.

Mjomba aliposikia hayo alifurahi sana, kwa maana yeye aliwahi kuketi katika Mahakama Kuu ya Uganda kama mzee mshauri, katika kesi ya mauaji. Mahakama Kuu yetu imesikiliza kesi nzito kwa miaka mingi ikiwa na washauri wawili au zaidi, watu wa kawaida waliochaguliwa, nao hutoa maoni yao mwishoni, na maoni hayo vile vile hayamfungi jaji. Tulimwuliza, "Mjomba, ulimtazama mshtakiwa machoni?"

Akajibu, "Nilimtazama sana. Siku ya kwanza nikasema moyoni, huyu ameua, macho yake ni mekundu. Siku ya pili nikasikia kwamba mahabusu walilala wamesongamana, hakupata usingizi. Tangu hapo niliacha kumtazama macho, nikawa nasikiliza maneno ya mashahidi."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi kwa sababu ya jambo lililotokea katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa. Darasa letu lilichanga fedha za safari, zikawekwa katika sanduku la kijana mmoja aliyeaminiwa. Jumatatu asubuhi sanduku lilikutwa limevunjwa, fedha hakuna. Alikuwapo kijana mgeni, mpole, asiyezungumza sana, aliyetoka mbali. Kiranja alipotusimamisha mstarini na kutuuliza mmoja mmoja, kijana huyu aliinamisha macho. Tena juma lile alikuwa na viatu vipya. Basi, yakatosha. Wakasema, "Macho hayana pazia." Wakasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Wengine walitaka kuchanga fedha nyingine tena ili aitwe mganga wa kumtambua mwizi.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa busara. Aliuliza swali moja tu: "Nani amemwona?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Basi sina mwizi hapa, ninao wanafunzi tu." Akakataza mganga asiitwe. Lakini mwalimu hawezi kukataza mioyo. Vijana hawakumpiga yule mgeni. Walimwacha peke yake. Alipoketi mezani waliondoka. Walipoongea, akija, walinyamaza. Mimi na kijana mwingine mmoja tuliendelea kula naye. Siku moja alituambia kwamba viatu vile alinunuliwa na shangazi yake, na kwamba kwao mtoto akiulizwa na mkubwa haruhusiwi kumkodolea macho. Muhula ulipokwisha alibeba sanduku lake, hakurudi tena. Aliyeiba fedha hakujulikana hata leo.

Nataka msomaji akiangalie sana kisa hicho cha macho. Katika mchezo ule Soo-ha lazima amtazame mtu machoni ndipo asikie. Sisi hatuna uwezo huo, lakini twajidanganya kwamba tunao. Mwenye haya twamwita mwongo, mwenye ujasiri twamwita mkweli. Nyumbani kwetu tumefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu huinamisha uso mbele ya wakubwa, kisha adabu hiyo hiyo twaifanya ushahidi wa wizi! Min Joon-gook, aliyeua mara mbili, aliweza kumtazama wakili wake usoni kwa upole hata wakili akamlilia.

Tena tamaa hii ya kuupata ukweli kwa njia ya mkato si mpya, wala si ya watu wa nchi moja. Katika Malawi na sehemu za jirani watu walioshukiwa uchawi zamani walinyweshwa mwavi: aliyetapika alihesabiwa kuwa safi, na aliyekufa alihesabiwa kuwa mchawi. Huko Ulaya walimshikisha mshtakiwa chuma cha moto au walimtupa majini, mpaka mwaka 1215 Mkutano Mkuu wa Kanisa uliofanyika Lateran, katika mji wa Roma, ulipowakataza mapadre kushiriki katika mambo hayo. Baada ya hapo Waingereza, wakiwa hawana tena chuma cha moto cha kuwaamulia, walizidi kuwategemea watu 12 waapishwao. Mwanadamu aliacha kuyauliza maji na moto, akaanza kuwauliza wenzake walioona nini. Ni njia ndefu na ya kuchosha, na mara nyingine Min Joon-gook huponyoka ndani yake. Lakini katika njia ile nyingine wasio na hatia walikunywa sumu.

Labda mtaniuliza, na mapenzi je? Yapo. Soo-ha ampenda Hye-sung ingawa ni mkubwa kwake kwa miaka mingi, na Gwan-woo naye ampenda. Dada yangu alikuwa upande wa Soo-ha tangu siku ya kwanza, na mjomba upande wa Gwan-woo, kwa kuwa alisema mwanamume lazima awe na kazi kwanza. Mimi nilimhurumia Hye-sung. Fikirini mtu apendwaye na kijana ambaye kila akimtazama anasikia yote: kwamba leo amekasirika bure, kwamba chakula hakikumpendeza, kwamba anaogopa. Yeye mwenyewe humgombeza kijana kwa jambo hilo. Mapenzi yataka mtu awe na mlango wake, aufungue apendapo. Nadhani haki nayo yataka hivyo. Katiba yetu, katika kifungu kile kile cha 28, yasema kwamba mshtakiwa halazimishwi kutoa ushahidi juu yake mwenyewe. Moyo wa mtu ni nyumba yake.

Mwisho wa mchezo sitausema wote, ili nisiwaharibie wale ambao hawajautazama. Nitasema jambo moja tu. Min hauawi na Soo-ha. Anashikwa, anarudishwa mbele ya sheria, na anayesimama kumtetea tena ni Gwan-woo, yule yule aliyedanganywa naye mara ya kwanza. Dada yangu alisema ni upumbavu. Mjomba alisema ni uwakili. Walibishana mpaka taa ikazimwa.

Kwa upande wangu, naona mjomba ana haki. Mtu mwema anayetetewa na mtu mwema si jambo la ajabu. Sheria hujulikana siku inapomfikia mtu ambaye kila mmoja anataka afe, ikampa wakili, ikamwuliza jaji: umeonyeshwa nini? Nawaomba basi, ndugu wasomaji, mkipata nafasi mwutazame mchezo huu. Na siku ambapo kitu kitapotea bwenini, na kwa hakika kitapotea, kabla ya kutazamana machoni na kuanza kunong'ona, mmoja wenu asimame aulize kama alivyouliza yule mwalimu: nani ameona? Na kama hakuna aliyeona, basi keti ule chakula pamoja na mgeni.